Jirani Yetu Mhindu na Mpaka wa Ibada



Darasa yetu imeletewa swali na kijana mmoja Mwislamu afanyaye ukarani katika duka mjini Kericho. Tajiri wake ni Mhindu, katika wale ambao watu wetu wamezoea kuwaita Mabanyani. Kila mwaka, mwezi wa Septemba au Oktoba, tajiri huyo na jamaa zake huadhimisha sikukuu ya Navaratri, maana yake usiku tisa. Kwa miaka mitatu kijana huyu ameshika sinia ya taa mbele ya sanamu pamoja na watu wa nyumba, kisha akaenda zake kusali Isha. Tajiri huyo ndiye aliyelipa gharama za hospitali mama yake kijana alipougua. Wenziwe wa msikitini wamekwisha kumwita kafiri. Naye atuuliza: Je, nimetoka katika dini? Na nikikataa, sitakuwa mtovu wa shukrani?

Swali hili ni zito, wala halijibiwi kwa ukali. Tena haifai kulihukumu jambo kabla ya kulijua. Mwanachuoni Al-Biruni, aliyeandika kitabu chake juu ya Bara Hindi yapata mwaka 1030, alijifunza kwanza Kisanskriti, akazieleza itikadi za Wahindu kama wenyewe wazielezavyo. Nasi tufuate mwendo huo.

Navaratri ni usiku wa kumwabudu mungu wa kike. Mmoja wa majina yake ni Durga, na katika masimulizi yao yeye ndiye aliyemwua Mahishasura, jitu lenye umbo la nyati. Wagujarati humwita Amba, na kwa ajili yake hucheza garba: huizunguka taa iliyowekwa ndani ya chungu chenye matundu, au picha yake, wakipiga makofi. Siku ya kumi ni Dashera. Tena tusiwachanganye watu: Makalasinga, ambao hekalu lao la Kericho ni mashuhuri, wana dini yao mbali, nao hawaabudu masanamu.

Sasa tutenge mambo mawili, muamala na ibada. Katika muamala mlango u wazi. Suratul Mumtahina, aya ya 8, yatufunza kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Mtume (S.A.W.) alimzuru kijana wa Kiyahudi katika ugonjwa wake. Abdalla bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa nyama. Basi kumzuru Mhindu mgonjwa, kumtendea haki katika biashara na kulilinda duka lake usiku wa sikukuu yake, yote hayo ni wema, na mwenye kuyafanya hakupungukiwa na kitu katika dini yake.

Lakini kuishika taa mbele ya sanamu ni ibada yenyewe. Kijana asema, “Mkono wangu ulikuwamo, moyo wangu haukuwamo.” Twamjibu: mkono ukiabudu na moyo ukikataa, mmoja kati ya hivyo viwili wasema uwongo. Na uwongo huo humdhulumu Mhindu pia. Yeye amesimama mbele ya kitu akionacho kitukufu, akidhani mwenziwe ashirikiana naye, kumbe mwenziwe yuangoja amalize. Hiyo si heshima kwake. Anayekataa kwa adabu ameiheshimu dini yake na dini ya mwenyeji wake, kwa kuwa amekubali kwamba ibada ile ina maana.

Wapo wasemao, “Hii ni ngoma tu, ni utamaduni,” nao hutoa hoja kwamba mwaka 2023 UNESCO iliitia garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa utamaduni. Twasema, waulizwe wenyewe wanaoizunguka taa ile kwa imani. Watajibu kwamba wamzunguka mungu wao. Ni dharau kumwambia mtu kwamba sala yake ni mchezo.

Ama wale waliomwita kijana huyu kafiri, wamejipakia mzigo mkubwa. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba neno hilo, lisipompata aliyeambiwa, humrudia aliyelisema. Kijana alifanya kwa ujinga na kwa haya. Aache, atubu, na mlango wa toba haukufungwa. Tena na tujitazame sisi. Mangapi yafanywa makaburini kwa jina la dini yetu! Mwanamke amwomba maiti mtoto. Mwanamume achinjia pepo mbuzi. Mwingine amfunga mwanawe hirizi asiyojua kilichoandikwa ndani yake. Hao wote wasoma Fatiha kila siku. Ikiwa twamwona Mhindu amekosea kumwomba asiyekuwa Mwenyezi Mungu, kosa hilo ni kubwa zaidi kwetu sisi tuliofundishwa tauhidi tangu chuoni.

Tulimshauri kijana aende kwa tajiri wake kabla ya sikukuu, amweleze yote kwa upole, hata kama kazi itapotea. Alikwenda akitetemeka. Tajiri alistaajabu, akamwuliza kwa nini hakusema tangu mwaka wa kwanza, kwani yeye alidhani kijana apenda mwenyewe. Sasa katika masiku yale tisa kijana hufunga duka, hukamilisha hesabu za siku, kisha huenda msikitini. Hesabu zisizo na hila ndizo shukrani zake kwa aliyemtibia mama yake, na shukrani hizo haziogopi kuulizwa na Mola wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie imani isiyo na hofu na ujirani usio na unafiki. Amin.