Mshahara wa mwalimu, riwaya za usiku

Vijana wanaoandika hadithi huniuliza, kila mmoja kwa namna yake, kama uandishi unalipa. Siku hizi huwatajia Abdulrazak Gurnah, halafu nawaomba wasikimbilie kwenye Nobeli.

Tuzo hiyo ya mwaka 2021 ilimkuta ana miaka 72, kazi ameshastaafu. Amesimulia mwenyewe kwamba alikuwa jikoni simu ilipoita, akadhani anataniwa. Mimi hupenda zaidi yaliyotangulia simu ile.

Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka baada ya Mapinduzi akiwa kijana tu. Uingereza alifanya kazi za chini hospitalini, akasoma, akafundisha Kano kwa muda, na mwaka 1982 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kent. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka 1987, miaka 40 ikimkaribia. Kent ndiko alikofundisha fasihi hadi alipostaafu mwaka 2017. Nauli, kodi na chakula vilitoka huko: kwenye mihadhara, vikao vya idara, na marundo ya insha za wanafunzi. Riwaya zilipata saa zilizobaki.

Mwaka 1994, Paradise iliingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Ni kisa cha Yusuf, mtoto aliyetolewa kwa tajiri wa msafara kufidia deni la baba yake, Wajerumani wakiwa wanajikita pwani. Haikushinda. Naye hakubadilisha mwelekeo kuutafuta ushindi. Aliendelea na watu wake walewale: waliohama, waliodaiwa, waliofichwa siri na wazazi wao. Zikaja By the Sea, Desertion, Gravel Heart, kisha Afterlives mwaka 2020, na jina lake bado halikuvuka mipaka ya wasomaji makini. Tuzo ilipotangazwa, Wamarekani waliokimbilia madukani walipata tabu kuvipata vitabu vyake.

Nionavyo mimi, ule mshahara ndio uliomlinda. Anayekula kwa mauzo ya kitabu husikiliza soko, na soko lingemwambia mapema tu aachane na wahamiaji wake wanyonge.

Na sisi je? Wiki ile ya tuzo tulibishana kuhusu uraia wake, kama ni wetu au si wetu, na nashuku wengi wa wabishi hawakuwa wamefungua hata kitabu kimoja. Tafsiri ya Paradise kwa Kiswahili, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022. Hadithi ya pwani yetu ilichukua miaka 28 kutufikia kwa lugha yetu, na kwa hilo hatuna wa kumlaumu Ulaya.

Sisemi kila ajira inafaa. Mwalimu mwenye darasa la watoto mia hurudi nyumbani hana hata nguvu ya kushika kalamu, na ofisi nyingi humaliza akili kabla ya saa tisa. Lakini juzi kijana mmoja, mhasibu mwenye mswada mzuri mkononi, aliniuliza kama aache kazi aandike. Nilimwambia abaki. Alinuna kidogo, akauliza kama itamchukua miaka mingi namna ile. Nikamwambia huenda ikawa zaidi, kwani Gurnah mwenyewe bado hajamaliza: mwaka 2025 ametoa riwaya nyingine, Theft.