Wimbo Mpya na Ulimi wa Kweli

Kijana wa kwaya ametunga wimbo wake wa kwanza, naye auleta kwa wenzake wausikilize. Hapo watu wa namna mbili humdhuru: amchekaye, na amsifuye bure. Wa kwanza humfunga kinywa. Wa pili humfanya kama mgema, ambaye akisifiwa tembo hulitia maji.

Twawasihi wasikilizaji wasiseme tu "mzuri" au "mbaya", bali waonyeshe mahali penyewe. Je, maneno yapatana na mafundisho ya Kanisa, kama Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulivyoagiza mwaka 1963? Je, sauti yapanda mno hata waamini wasiweze kuifuata? Je, mkazo waangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama lugha yetu itakavyo, au neno limepindwa hata halitambulikani? Hayo aambiwe kwa upole, faraghani, kabla ya Dominika.

Nawe mtunzi, usinung'unike. Wimbo ukiisha kuimbwa kanisani si wako tena; ni sala ya bibi kizee aketiye benchi la nyuma. Kwa ajili yake, kubali kuufuta hata ule mstari uupendao kuliko yote.