Uraibu Una Saa, Una Baraza, Una Wenzi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu,

Mara nyingi twasikia juu ya mimbari watu wakionywa na tumbako, na tambuu ya tumbako, na miraa, na muguka. Huambiwa kuwa tumbako huleta saratani na maradhi ya moyo. Kuwa miraa huondoa usingizi na hamu ya chakula, na huwafanya watu kuacha nyumba zao. Wasikizaji hutikisa vichwa, husema, "Kweli kabisa, shekhe." Kisha hutoka msikitini, na kabla hawajavaa viatu vizuri mkono umekwisha ingia mfukoni. Je, hawakufahamu? Wamefahamu sana. Mvuta sigara hulisoma kila siku onyo lililopigwa chapa juu ya pakiti yake. Basi tukidhani kuwa dawa ya uraibu ni kuwapa watu habari peke yake, tutakuwa twamwonyesha kisima mtu aliyefungwa kamba. Kisima akiona, kamba hatujaigusa.

Tuitazame basi kamba yenyewe.

Uzi wake wa kwanza umo mwilini. Ndani ya tumbako mna kitu kiitwacho nikotini, na ndani ya miraa mna kitu kiitwacho kathinoni. Hivyo viwili huuzoesha ubongo, ukawa wadai haki yake kila siku kama mdai mwenye hati. Huyo kathinoni hupungua jani likinyauka, na ndiyo sababu miraa huja mbio kutoka Meru, na muguka kutoka Embu, likafunikwa lisipate jua, na mnunuzi hataki la jana.

Lakini uzi huu mmoja hautoshi kumfunga mtu. Dalili yake ni mwezi wa Ramadhani. Mvutaji ambaye hawezi kukaa saa mbili bila sigara hufunga katika pwani yetu saa zaidi ya kumi na tatu, siku ishirini na tisa au thelathini, na hafi. Kwa nini aweza Ramadhani na asiweze katika Mfunguo Mosi? Kwa sababu katika Ramadhani mji wote hugeuka pamoja naye. Saa ya kuvuta haina tena mvutaji wa kumpa moto. Baraza ni tupu mchana. Wenzi wake nao wamefunga. Ikiisha Idi, saa yarudi mahali pake, baraza yarudi, wenzi warudi, na yeye arudi pamoja nao. Hapo twajua ya kuwa uraibu una nyuzi nyingine tatu zenye nguvu kuliko ya kwanza: una saa yake, una baraza yake, una wenzi wake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi twaongeza: na saa yake ya kula waijua.

Simwandiki mtu mwingine katika maneno haya. Mimi mwenyewe nilitafuna miraa miaka kumi na moja. Nilianza nikiwa mwanafunzi, wakati wa kudurusu vitabu usiku. Mwenzangu alinambia kuwa vijiti viwili vitatu humzuia mtu asisinzie. Kweli, sikusinzia. Nilisoma hata usiku wa manane, nikajiona mwanachuoni mkubwa, kisha Alfajiri nikaisali jua limekwisha toka. Nilijihoji nikasema, ulamaa wamehitalifiana. Na ni kweli kuwa Ibn Hajar al-Haytami, imamu mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii katika karne ya 16, aliandika risala nzima juu ya jani hilo, na kwa kuwa habari zilizomfikia zilipingana hakukata hukumu ya uharamu. Lakini risala yenyewe ameiita onyo kwa watu waaminifu! Mimi nilishika ile hitilafu nikaliacha lile onyo. Hivyo ndivyo nafsi isomavyo vitabu.

Mara tatu nilikula yamini kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa sitaigusa tena, na mara tatu sikufika siku kumi. Mara ya kwanza nililisha maskini kumi kuwa ni kafara ya kiapo. Mara ya pili nikalisha tena. Mara ya tatu nilipokwenda kununua mchele, mwenye duka akaniuliza kama nina arusi nyumbani. Nilirudi nikiwa na haya kubwa.

Siku moja mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinikuta nimelala na jua limepanda. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, wanafunzi wako wamekuja, wamekungoja, wamekwenda zao. Nimewaambia u mgonjwa. Je, nimesema uwongo?" Sikuwa na jawabu. Maneno hayo yalinikata zaidi kuliko hotuba zote nilizozisikia na nilizozitoa.

Tangu siku ile nikaacha kujiuliza, "Moyo wangu utatia nguvu lini?" Nikajiuliza, "Huanzia wapi?" Jawabu lilikuwa jepesi. Huanza baada ya sala ya Alasiri, juu ya baraza moja, na watu wanne niwapendao. Basi nikaitia darsa katika saa ile ile, ndani ya msikiti. Juma la kwanza walikuja watoto watatu na mzee mmoja. Kichwa kilikuwa kikiniuma, nikisinzia juu ya kitabu, na ghadhabu zangu zikiwa karibu. Yule mzee alinistahi kwa kunyamaza. Baada ya majuma matatu nikaona mwili umetulia. Katika wale wenzi wanne, wawili sasa huhudhuria darsa. Wawili hawajaja, twaamkuana, nami nawaombea. Na darsa ile ya Alasiri ndiyo hii mnayoijua nyinyi. Watu hudhani niliianzisha ili niwafunze wengine. Niliianzisha ili nijiokoe.

Wala njia hii sikuivumbua. Tazameni jinsi Mola wetu alivyowaondolea Waarabu ulevi, nao walikuwa wameuzoea baba kwa babu. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, ameeleza kuwa lau jambo la kwanza kuteremka lingalikuwa kuwakataza pombe, watu wangalisema hawataiacha kamwe. Kwanza nyoyo zilijengwa kwa kutajiwa Pepo na Moto. Kisha katika Sura ya Baqara wakaambiwa kuwa madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Kisha katika Sura ya Nisaa wakakatazwa kuikaribia sala hali ya kuwa wamelewa. Fikirini hekima yake! Sala ni tano. Anywaye baada ya Adhuhuri itamkuta Alasiri; anywaye baada ya Alasiri itamkuta Magharibi. Mlevi akanyang'anywa saa zake moja baada ya moja. Na ilipoteremka hukumu ya mwisho katika Sura ya Maida, pombe ikamwagwa hata ikapita katika njia za Madina. Asidhani mtu kuwa leo ana ruhusa ya kuichelewesha haramu kidogo kidogo. Hukumu imekwisha kamilika. Lakini jinsi ya kuutengeneza moyo na kuikata saa, hilo ni funzo lililobaki.

Na katika Hadithi sahihi kuna mtu aliyeua nafsi mia, akataka kutubu. Mwanachuoni aliyeulizwa hakumzuilia toba. Ila alimwamuru autoke mji wake, kwa kuwa ni mji mbaya, aende katika mji wa watu wamchao Mungu. Akafa njiani, na malaika wa rehema wakamchukua. Toba ile ilikuwa na miguu. Toba ya ulimi, na mwenyewe amekaa juu ya baraza ile ile, ni nzito kusimama.

Mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, na haukupita muda Mahakama Kuu ikalisimamisha jambo hilo. Watu wakagombana sana, hawa na wale. Sisi hatuikatai sheria. Katika kuwalinda watoto ni ngao. Lakini nauliza: siku zile vijana wa mtaa wetu walipoambiwa waache, ni nani aliyewaambia waende wapi saa kumi za jioni? Tulitaka kuwanyang'anya kitu mkononi na mkono tukauacha mtupu. Mkono mtupu hurudi ulikozoea.

Basi ewe ndugu utakaye kuacha, shika haya.

Kwanza, ijue saa yako. Kwa siku tatu tazama tu ni wakati gani hamu hukujia, ni mahali gani, na uko na nani.

Pili, ijaze saa hiyo kabla hujaacha: darsa, kazi, mazoezi ya mwili, kumzuru mgonjwa, kukaa na wanao. Amali ipendezayo mno kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo hata ikiwa ndogo.

Tatu, mwambie rafiki mmoja mwema, na mkeo. Usiwakate wenzi wako wa zamani kwa kiburi. Ila kutana nao mahali pengine na saa nyingine.

Nne, ujue kuwa hamu ni kama wimbi: huvimba, kisha huvunjika baada ya dakika chache. Simama, tawadha, kunywa maji, tembea. Kwa mvuta tumbako siku mbili tatu za mwanzo ndizo nzito, kisha taabu hupungua.

Tano, hesabu mali yako. Mwenye kutoa shilingi 200 kila siku, kwa mwaka ametoa shilingi 73,000. Uwaulize watoto wako wangependa ziende wapi.

Sita, usikimbilie hirizi wala kombe. Na aliyezama katika pombe au madawa makali asijitibu peke yake, kwani kuacha ghafula kwaweza kumdhuru. Aende kwa madaktari, na hiyo ni katika kushika sababu tulizoamrishwa.

Na ukianguka, inuka siku ile ile. Ibilisi hafurahii kule kuanguka kama afurahivyo neno lako, "Mimi siwezi tena." Mazoea yana taabu, lakini yaliingia kwa siku nyingi, nayo hutoka kwa siku nyingi.

Na nyinyi mliosalimika, msijione. Mwenye nyumba, baraza yako ni ya nani? Mwenye elimu, darsa yako ni saa ngapi? Huenda kuna kijana ambaye hakosi nasaha; lililomkosa ni mtu wa kukaa naye baina ya Alasiri na Magharibi.

Ewe Mola wetu, tutoe katika utumwa wa nafsi zetu, na utupe wenzi wema, na uzijaze saa zetu kwa yanayokuridhi. Amin.

Wabillahi ttawfiq. Wassalamu alaykum.