Je, Mnunuzi Anayejua Bei Aweza Kunyamaza?

Biashara si dhambi. Twaanza na neno hili, kwa maana wako Wakristo wanaodhani kwamba mfanya biashara hawezi kuwa mtu wa haki. Anayeona shaka na autazame mji wa Butembo. Wafanya biashara wake wamefika Dubai na Guangzhou kutafuta vitu vya kuuza. Mara nyingi watu kadhaa hujaza kontena moja pamoja, nayo hupita Mombasa na Uganda, kisha huingia nchini mwetu kwa njia ya Kasindi. Wengi walianza bila msaada wa benki. Mtaji wao ulikuwa neno lao: aliyepewa fedha za wenzake alirudi na vitu vya wenzake. Njia ya mwongo ni fupi. Aliyedanganya mara moja hakupata mwenzi wa safari ya pili.

Lakini biashara ikikua, swali jipya huzuka. Je, uaminifu huo wakaa kati ya wafanya biashara wenyewe tu, au washuka mpaka kwa mkulima?

Tuchukue mfano wa kakao ya Beni. Mwanzoni mwa mwaka 2023 tani moja iliuzwa katika soko la New York kwa dola zisizofika 3,000. Mwaka 2024 ikapita dola 10,000. Mnunuzi mkubwa aliweza kuijua bei hiyo siku ile ile. Mkulima wa upande wa Mbau au Mangina pengine hakuijua. Tena, tangu Oktoba 2014 watu wengi wa Beni wameuawa vijijini na mashambani mwao. Anayevuna kwa hofu huuza upesi, kwa bei ya yeyote anayetangulia kufika. Basi mnunuzi akinyamaza, amemdhulumu?

Swali hili ni la zamani. Cicero wa Roma aliliandika mwaka wa 44 kabla ya Kristo. Mfano wake ni huu: mtu mwema ametoka Aleksandria na merikebu ya ngano, akafika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Anajua kwamba merikebu nyingine zinakuja nyuma yake. Awaambie watu, au anyamaze apate bei kubwa? Cicero alijibu kwamba haifai kuwaficha. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alikuwa mpole zaidi: akinyamaza havunji haki, ingawa akisema atakuwa na fadhila kubwa zaidi.

Wako watakaolishika jibu la Mtakatifu Thomas kwa furaha. Wasiharakishe! Yeye alitoa sababu: jambo lile ni la wakati ujao. Nasi twaongeza kwamba merikebu zaweza kuchelewa, hata kuzama. Lakini bei ya kakao ya leo ni ya leo. Imekwisha kujulikana, ila anafichwa mmoja. Tena Mtakatifu Thomas alifundisha kwamba muuzaji asizidishe bei kwa sababu ya shida ya mnunuzi. Basi mnunuzi naye asiipunguze kwa sababu ya hofu ya muuzaji.

Mfanya biashara atajibu: "Barabara ni mbaya, vizuizi ni vingi, kodi ni nyingi, na bei yaweza kuanguka kakao yangu ikiwa ghalani." Ni kweli, mwaka 2025 ilishuka sana. Gharama hizo ni halali kuzikata, na faida pia, kwa maana aliyehatarisha mali yake astahili kupata kitu. Lakini azikate waziwazi. Kutojua kwa mkulima si gharama ya barabara.

Tufanye nini? Mnunuzi aandike bei ya siku ubaoni, mlangoni pa ghala lake. Mizani yake ijaribiwe mbele ya watu. Nao wakulima wa kijiji kimoja wauze pamoja, wakimchagua kijana mmoja wa kuulizia bei kila asubuhi.

Mfanya biashara wa Butembo akiwa Guangzhou hutaka mwenye kiwanda amwambie kweli juu ya jambo asiloweza kulipima mwenyewe, kwa maana yuko mbali na kwao na hana wa kumtetea. Mkulima wa Mbau, akisimama mbele ya mizani ya mnunuzi, yuko katika hali ile ile.