Mtazameni na Anayezuia

Wajukuu zangu, nimewasikia mkibishana kuhusu NBA, na hukumu yenu naijua: mechi tamu ni ya pointi nyingi, timu inayozuia sana inaleta usingizi. Sasa nisikilizeni na mimi.

Kwanza niwape haki yenu. Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Mechi nzima hiyo! Lakers walikuwa na George Mikan, pandikizi la mtu lisiloshikika chini ya kikapu, na Pistons wakaona dawa yake ni kuukalia mpira, wakapasiana wee mpaka watazamaji wakazomea. Mikan peke yake alifunga 15 kati ya zile 18 za timu yake. Huo haukuwa ulinzi, ulikuwa uchoyo. Mwaka 1954 Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, akaleta saa ya sekunde 24: usipotupa kikapuni ndani ya muda huo, mpira wanachukua wapinzani. Saa hiyo ndiyo iliyouokoa mchezo, na sisi tunaopenda ulinzi tusijifanye hatujui.

Lakini nanyi mmezidisha upande wa pili. Februari 2024, mjini Indianapolis, mechi ya nyota wa NBA iliisha Mashariki 211, Magharibi 186. Pointi 397, tena bila muda wa nyongeza. Kwa hesabu zenu hiyo ingekuwa mechi tamu kupita zote. Haya, nisimulieni kikapu kimoja mnachokikumbuka. Mtu anakimbia mpaka chini ya ringi, hakuna anayemgusa, anadanki, wote wanarudi wakitembea. Mwaka uliofuata ligi yenyewe ikabadili utaratibu wa mechi hiyo. (Ile ya Desemba 1983, Detroit 186 na Denver 184 baada ya nyongeza tatu, siitii katika kapu hilo. Pale watu walikuwa wanataka kushinda.)

Basi niwape mechi yangu. Mechi ya saba ya fainali za mwaka 2016, Cleveland ugenini kwa Golden State, timu iliyokuwa imeshinda mechi 73 msimu ule. Huku kwetu ilikuwa Ramadhani, mpira umerushwa wakati wa daku, na ulipokwisha Alfajiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Zikiwa zimebaki dakika nne na ushei, ubao ukasoma 89 kwa 89, ukagoma hapohapo. Zaidi ya dakika tatu na nusu, hakuna pointi hata moja! Na uwanjani yumo Stephen Curry, yumo LeBron James, yumo Kyrie Irving, watu ambao siku nyingine wangefunga wamefumba macho.

Yaliyopita katika dakika zile ndiyo ninayotaka myajue. Andre Iguodala anakwenda kufunga kwa kasi, mbele yake J.R. Smith peke yake. Smith hakuugusa mpira, ila alimlazimisha Iguodala kuupindisha mwili hewani, na hilo lilimchelewesha kidogo tu. Katika huo uchelewaji LeBron, aliyekuwa anatoka nyuma mbio, akafika na kuubandika mpira kwenye ubao. Picha za kumbukumbu zinamwonyesha LeBron. Mimi naomba mumwone na Smith. Kisha Irving akatupa ya pointi tatu mbele ya uso wa Curry, ikaingia, 92 kwa 89. Curry akataka kujibu, akajikuta ana Kevin Love, mtu mrefu, mzito, ambaye kazi yake haikuwa kufukuzana na wepesi huko nje kwenye mstari. Kila mtu alidhani ataachwa. Akachezeshwa kulia, akachezeshwa kushoto, hakudanganyika kuruka mapema, mkono ukabaki juu. Curry akakosa. Cleveland 93, Golden State 89.

Najua mtakalonijibu: Babu, kuzuia kulimfikisha wapi Hasheem Thabeet wetu? Ni swali la haki. Mwaka 2009 kijana wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili katika NBA nzima kwa sababu ya bloku zake, na Curry akachaguliwa wa saba. Muda si mrefu mchezo ukahamia kwenye mitupo ya mbali, na mrefu wa kukaa chini ya kikapu akakosa soko. Enzi za Dikembe Mutombo wa Congo, mlinzi aliweza kusimama golini mwake, akapiga bloku, akatikisa kidole. Leo mlinzi anatakiwa awe chini ya ringi, na sekunde ileile awe nje kwenye mstari. Kazi imekuwa ngumu mara mbili, kwa hiyo anayeiweza leo anastahili kutazamwa kuliko wa zamani.

Mimi nikiwekewa 140 kwa 135 ya Januari, kila timu inatupa ya mbali bila kusumbuliwa, na 93 kwa 89 ya namna ile, siombi hata muda wa kufikiri. Fainali zijazo mkiamka saa tisa na nusu usiku, ikifika robo ya nne acheni kuufuata mpira kwa macho. Chagueni mlinzi mmoja, mtazameni miguu yake mpaka filimbi ya mwisho. Na msisubiri klipu za asubuhi kwenye simu, maana mtu kama Smith humo hawamweki.