Amani ya Zamani Ilikuwa ya Nani?

Wazee wetu hupenda kusema kwamba zamani hapakuwa na wizi. Lakini mtu hukumbuka kwa mahali alipokulia. Aliyelelewa Nyasubi, mjini Kahama, ambako wafanya biashara ya mpunga na watafutaji wa dhahabu huja, hupanga chumba na kuhama, akumbuka kufuli na nondo za madirisha. Yowe likipigwa usiku, mama alikaza komeo. Mwenzake wa kijijini, mwendo wa saa chache tu, akumbuka yowe lile lile, ila baba alitwaa upinde akatoka mbio, kwani kukaa ndani kulikuwa kosa.

Tusidharau kumbukumbu hii ya pili. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 bunduki zilienea, na wezi wa ng'ombe wakawa watu wa kutisha. Ndipo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa pande za Kahama na Nzega walipoanzisha Sungusungu. Ng'ombe walirudi zizini, na watoto wakalala usingizi. Serikali yenyewe iliukubali ulinzi huo, na mwaka 1989 sheria ikawapa walinzi hao uwezo wa kukamata watu.

Hata hivyo twauliza: amani ile ilikuwa ya nani? Sungusungu wa siku za mwanzo hawakuwasaka wezi tu. Waliwasaka na walioitwa wachawi, na wengi wa hao walikuwa akina mama wazee. Aliyekaidi hukumu alitengwa: asisalimiwe, asipewe moto wala maji. Je, mjukuu wa bibi kama huyo aweza kusema kijiji chetu kilikuwa na amani? Kwake yeye hatari haikuja na mgeni mwenye bunduki. Iliitisha mkutano mchana, chini ya mti, na majirani wakahudhuria.

Wala jambo hili si la zamani tu. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi mwaka 2007 na 2008, watoto wengi walipelekwa kulindwa katika kituo cha Buhangija, mjini Shinyanga, mbali na wazazi wao. Hao nao wana kijiji cha kukumbuka. Wazee wanapowasimulia vijana habari za yowe na upinde, ingefaa mmoja wa hao awepo barazani, naye aulizwe alikuwa akisikia nini usiku.