Chini ya Kilemba

Shangazi yangu ni fundi cherehani Mwanjelwa, Mbeya. Kwa miaka minane utosi ulimwasha. Usiku ulichoma kama umepakwa pilipili, na chanuo likipita pale alikunja uso. "Dada, ni dawa tu hiyo, utazoea," msusi alimwambia. Akazoea. Ilipotokea nafasi tupu ya ukubwa wa sarafu, akasukia rasta za kubana ili ifichike. Ilipofika ukubwa wa kiganja, akanunua wigi. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza, naye hakumwonyesha mtu.

Wigi si kosa. Kinachoniuma ni ile miaka minane.

Maana utosi unaowasha namna ile una kazi inayoendelea chini. Kila unywele umesimama ndani ya kishimo chake, na ubavuni mwa kishimo hicho, chini kidogo ya tezi ya mafuta, hukaa seli shina. Hizo ndizo mbegu: unywele ukidondoka, kutoka kwazo huota mwingine. Katika upara unaoacha kovu, seli nyeupe za damu huzingira sehemu hiyo hasa. Hutoa saitokini, protini ndogo za kuitana. Seli zilizofika huita nyingine, nazo zikifika huita nyingine zaidi, hadi mbegu zinakufa na ngozi inaziba pengo kwa kovu. Nywele zilizopukutika baada ya kujifungua au homa kali hurudi, kwa kuwa vishimo vyake vipo. Kwenye upara wa kovu ngozi hubaki laini, inang'aa, haina hata kitundu.

Mwaka jana bibi alivunjika mkono, na shangazi akapanda basi kwenda Iringa kumuuguza. Siku ya kwanza kumwogesha alimfungua kilemba, kilemba ambacho sisi wajukuu hatukuwahi kukiona kimevuliwa. Utosi wa bibi ulikuwa ule ule wake.

"Mama, palikuwasha?"

"Paliniwasha sana, mwanangu. Nikadhani ndio kuzeeka."

Shangazi alilia akiwa ameshika kopo la maji.

Alikuwa amemlaumu msusi miaka yote. Kusuka kwa kubana kunaumiza kweli, na huweza kuleta makovu yake, hasa pembeni mwa paji la uso. Ila upara unaoanzia utosini na kutanuka kama duara, unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, mara nyingine una mizizi ya ukoo. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kwamba kati ya wanawake 58 wenye upara huo waliochunguzwa, 14 walikuwa na hitilafu katika jeni ya PADI3, inayosaidia kuunda unywele imara.

Hatimaye shangazi alimwona daktari wa ngozi, ambaye alimkata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, kisha akaanza kumchoma sindano za steroidi kuzunguka ukingo wa upara na kumpa vidonge vya doksisaiklini. Alimweleza bila kumficha: dawa inazima moto ulioko ukingoni, katikati pameshakuwa kovu. Mwasho umekoma. Duara halijatanuka tena.

Binti yake ana miaka 26. Akirudi nyumbani, shangazi humkalisha mlangoni penye mwanga, anampasua nywele utosini, anabonyeza kwa kidole.

"Panakuwasha?"

"Hapana, mama."

Anageuza kichwa cha binti upande wa jua, anatazama tena.